Nikichora kwa simu nasifiwa, nikimchora mtu aliye mbele yangu naharibu

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mchoraji wa sura za watu, mwanamke wa miaka thelathini na ushee, na kazi hii ndiyo inayoniweka mjini. Wateja hunitumia picha kwa simu: bibi harusi, mtoto aliyehitimu, mzee aliyefariki. Naikuza picha kwenye kishikwambi, napiga miraba kwenye turubai, nahamisha mraba mmoja baada ya mwingine, kisha nalainisha rangi mpaka alama ya brashi isionekane. Kila nikikabidhi kazi nasikia maneno yale yale: "Jamani, utadhani imepigwa!" Zamani maneno hayo yalikuwa yananilewesha. Siku hizi yananiacha mtupu, na siwezi kumweleza mteja, maana yeye ananisifu kwa moyo mweupe.

Hivi karibuni niliona nibadilike. Nilimwomba mama mkubwa aje akae kwenye kiti karibu na dirisha, nimchore yeye mwenyewe, simu nikaiweka kando. Nilidhani itakuwa rahisi, kwani sura ile naijua tangu sijaanza kutembea. Mwalimu, niliumbuka. Jicho moja lilipanda juu ya jingine, mdomo ukakaza kana kwamba ana hasira na hakuwa na hasira yoyote, na ngozi ikawa tope. Nikafuta, nikaanza upya, ikazidi kuharibika. Kadiri nilivyokuwa nahangaika ndivyo nilivyozidi kuona aibu, kwa sababu alikuwa ametulia ananitazama.

Mwishowe nilimpiga picha, nikamwambia akapumzike, na usiku nikamalizia kwa njia yangu ya siku zote. Ilitoka safi. Asubuhi alikuja akaitazama, akasema, "Ni mimi huyu, lakini umenichora nikisubiri umalize." Hakusema kwa ubaya. Ila tangu hapo kila picha ninayoishika naona makosa tu, hata zile za zamani nilizokuwa najivunia. Usingizi umepungua. Naketi mbele ya turubai, mkono hautaki.

Mchoraji mwenzangu ananiambia uhalisia umeshapitwa na wakati. Anasema kamera ilituua, na sasa programu za kompyuta zinatuzika, afadhali nihamie kwenye picha zisizo na umbo, nimwage rangi nijisikie huru. Nimeanza kuamini. Je, nimerudi nyuma? Au sikuwahi kuwa mchoraji, nilikuwa fundi wa kunakili tu?

Ni mimi,
Mchoraji Aliyekwama

*

Marahaba, mwanangu.

Hukurudi nyuma. Umehama kazi moja ukaingia nyingine, ukategemea mkono uliozoea kazi ya kwanza ubebe ya pili papo hapo. Picha ya simu inapokufikia, sehemu kubwa ya uchoraji imeshafanywa. Kamera imeshaamua mtu atazamwe kutoka wapi, imeshachagua nukta ya sekunde, imeshakata mwanga na giza kwa kipimo chake, na imeshaugeuza uso wenye mabonde na vilima kuwa karatasi bapa. Uliyobakiziwa wewe ni kuhamisha. Unahamisha vizuri sana, nami sitaki uudharau mkono huo, kwa sababu mkono unaotii ni mali na wengi hufa wakiutafuta. Lakini mama mkubwa alipoketi mbele yako, maamuzi yote yale yalirudi mezani kwa pamoja, na hujawahi kuyafanya. Kuharibu hapo hakushangazi hata kidogo. Ningeshangaa kama usingeharibu.

Fikiria tofauti yenyewe ilivyo. Kamera ina jicho moja lililoganda. Wewe una mawili, na kichwa chako kinacheza kila unapovuta pumzi, kwa hiyo pua ya mama mkubwa inahama kidogo mbele ya shavu kila mara. Simu ikisogezwa karibu na uso, pua huvimba na masikio hurudi nyuma, nawe umenakili pua za namna hiyo miaka yote hii ukidhani ndivyo watu walivyo. Na yeye hakuwa ameganda. Mtu akikaa saa nzima uso wake hupitia mambo: anakumbuka, anachoka, anasinzia, anajikaza, anakusikitikia. Ulijaribu kuchora jicho la dakika ya kwanza pamoja na mdomo wa dakika ya arobaini. Ule mdomo uliokaza haukuwa kosa la mkono. Alikuwa amechoka kweli, ukauona, ila hukujua kwamba umeuona.

Ndiyo maana maneno yake yasikutese. Mama huyo ana jicho kali kuliko wengi wanaoandika kuhusu sanaa. Simu ilimnasa akiwa katika hali moja tu, ya kungoja, nawe ukaihamisha hali hiyo kwa uaminifu wote. Alikuambia alichokiona, na alichokiona ndicho kilichokuwepo.

Usidhani nakuambia kamera ni dhambi. Thomas Eakins wa Marekani, mmoja wa wachoraji wa uhalisia wakubwa kabisa wa nchi ile, alizitumia picha za kamera. Miaka mingi baada ya kifo chake mwaka 1916, wataalamu wa kuhifadhi picha walikuta alama ndogondogo alizokwaruza kwenye baadhi ya turubai zake alipokuwa akifuatiza picha zilizomulikwa juu yake. Lakini mtu yule alikuwa amepasua maiti ili ajue msuli unaanzia wapi na kushika wapi, na akawafundisha wanafunzi wake hivyo hivyo. Kamera ilimsaidia kukumbuka kitu anachokijua. Jiulize wewe: ukiondolewa ile picha kwenye kishikwambi, unajua nini kuhusu shavu la mama mkubwa?

Hapo ndipo penye utajiri, na nataka tukae hapo kidogo, kwa sababu umesema ngozi ikawa tope.

Najua ilivyokuwa bila kuiona. Ulichukua kahawia yako uliyoizoea, kwenye mwanga ukaongeza nyeupe, kwenye kivuli ukaongeza nyeusi. Kwenye picha ya simu mbinu hiyo inafaa kwa sababu simu yenyewe imeshalifanya giza kuwa giza tu. Ngozi nyeusi haijawahi kutendewa haki na kamera. Kwa miongo mingi filamu za rangi zilisawazishwa kwa kutumia kadi zenye sura ya mwanamke mweupe, na watu weusi wakatoka kwenye picha wakiwa macho na meno. Simu za sasa zimeboreshwa, ila bado hupenda kusawazisha mwanga na kivuli mpaka sura inabaki haina vyote viwili.

Sasa mrudishe mama mkubwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, halafu tazama upande wa kivuli, chini ya mfupa wa shavu. Usitazame moja kwa moja. Binya macho mpaka vitu vidogo vipotee na yabaki mafungu makubwa ya mwanga na giza. Utaona kivuli kile hakina nyeusi ndani yake. Pana kahawia ya joto, pengine inayoelekea wekundu, kwa sababu nguo aliyovaa inaurudishia uso rangi yake kutoka chini. Kwenye paji la uso na juu ya pua, ambako dirisha linagusa, ule mng'ao hautakuwa nyeupe. Utakuwa bluu, bluu baridi ya mbingu. Ngozi nyeusi hubeba mng'ao wa mbingu kwa nguvu ambayo ngozi nyingine haziwezi, na mchoraji anayeweka nyeupe pale ameua uso mzima. Kati ya bluu ile na wekundu wa kidevuni kuna mpito wa rangi ambao hauna jina. Huo ndio utakaokufundisha kazi. Jaribu siku moja kuacha kabisa nyeusi ya kwenye tyubu: changanya kahawia iliyokolea na bluu, ongeza moja ukitaka kivuli kipate joto, ongeza nyingine ukitaka kipoe.

Mwanafunzi wa Eakins, Henry Ossawa Tanner, mchoraji Mweusi wa Marekani aliyehamia Ufaransa, alilijua hilo barabara. Itafute picha yake ya mwaka 1893 ya mzee akimfundisha mtoto kupiga banjo, ala ya muziki yenye nyuzi. Mwanga baridi unaingia kutoka kushoto, mwanga wa moto unatoka kulia, na mtoto yule yuko katikati, uso wake umeyapokea yote mawili. Watu wale wawili wamekaa kwenye chumba duni, na hakuna aliyewalainisha. Itazame kwa muda mrefu kabla hujakaa tena na mama mkubwa.

Sasa tuje kwenye moyo wako, maana rangi ni nusu ya barua yako.

Unasema unaona makosa kila mahali, hata kwenye kazi za zamani. Jicho limetangulia, mkono uko nyuma unakuja. Kila mchoraji anayekua hupita hapo, tena hupita zaidi ya mara moja, kwa sababu mkono ukishalifikia jicho, jicho huondoka tena. Kipindi cha raha ni kile viwili hivyo vimelingana, na wewe ulikuwa na kipindi kirefu cha namna hiyo. Kinauma kuisha, sikufichi. Lakini ile raha ya zamani ilitokana na kutokuona, na hakuna namna ya kuirudia ila kwa kujifumba macho.

Nitakuambia jambo jingine, unisamehe kama ni chungu. Nimeisoma barua yako kwa makini, na sidhani kilichokukimbiza kwenye simu usiku ule ni ugumu wa kuchora. Umeandika mwenyewe kwamba ulikuwa unaona aibu kwa sababu alikuwa anakutazama. Ulikimbia kuonekana ukishindwa. Sifa za wateja zimekulea vibaya: zimekuzoesha kwamba mtu huiona kazi yako ikiwa imekamilika tu, na akiiona anashangilia. Mbele ya mtu aliye hai hilo haliwezekani. Yeye anakuona ukikosea, ukifuta, ukikunja uso, ukinyamaza. Kuchora mtu hai ni watu wawili kukubali kutazamana bila kujificha, na wewe ulitaka kumtazama bila yeye kukutazama. Hilo ndilo la kufanyia kazi kwanza, kabla ya macho kulingana na mdomo kulegea. Mwambie mama mkubwa waziwazi kwamba unajifunza, kwamba picha hizi zitakuwa mbaya kwa muda, na kwamba hamtamwonyesha mtu. Atakuelewa. Nahisi ameshakuelewa zamani.

Umeuliza pia kama ulikuwa fundi wa kunakili tu. Ufundi ni sehemu ya kazi hii na haina budi kuheshimiwa. Hata hivyo uhalisia haujawahi kuwa kuhesabu nywele. Mwaka 1650, akiwa Roma, Diego Velázquez wa Hispania alimchora Juan de Pareja, mtumwa wake aliyekuwa akimsaidia studio na ambaye baadaye akawa mchoraji kwa jina lake mwenyewe. Mwaka huohuo aliandika hati ya kumwachia huru. Picha hiyo ipo jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, na inapatikana mtandaoni kwa ukubwa unaokuruhusu kuikaribia. Ikaribie kola. Kwa mbali ni kitambaa cheupe chenye pindo la nakshi, unaweza kuapa umeona kila tundu. Karibu ni mipigo michache ya rangi nyeupe, mingine imekatika, mingine imeburuzwa na brashi iliyokaribia kukauka. Hakuna tundu lolote. Halafu panda usoni, uone mwanga wa paji ulivyowekwa, na namna mtu yule anavyokutazama bila kuomba radhi. Velázquez aliamua kipi kisemwe na kipi kiachwe. Uamuzi huo, mwanangu, ndio ulioukosa kwenye miraba yako, kwa sababu mraba wa kona na mraba wa jicho unaupa uangalifu uleule.

Au mtazame Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, aliyejichora mwenyewe tangu ujana mpaka mwaka aliokufa, 1669. Picha za ujana zimelainishwa kwa ustadi ambao wateja wako wangeushangilia. Za uzeeni rangi imerundikwa nene, imekwaruzwa, mikono mingine imeachwa nusu. Angetaka kulainisha angeweza, alishathibitisha. Alikuwa amejua kipi hakihitaji.

Kuhusu mwenzako, sitaki kugombana naye. Picha zisizo na umbo zina nidhamu yake, na walioifanya vizuri walitoa jasho kama sisi. Ukivutwa na kazi hiyo kwa kuipenda, nenda na baraka zangu. Lakini ukienda kwa kukimbia kiti cha mama mkubwa, utavikuta vilevile vilivyokukimbiza, na huko hata pua ya kukusahihisha hutakuwa nayo. Na hilo la kamera kutuua lilisemwa tangu kamera ilipotangazwa mwaka 1839. Programu zitatoa sura laini kwa wingi, na huenda zikakupunguzia wateja wa aina fulani. Haziwezi kukaa na mama mkubwa wa mtu mchana kutwa zikaona lini amechoka.

Basi fanya hivi. Kazi za wateja usiziache, ndizo zinazokulisha, na usizifanye kwa kinyongo. Mjane anayetaka sura ya marehemu mumewe hana picha nyingine zaidi ya ile ya simu. Ila tenga muda mwingine ambao simu haiingii chumbani. Anza na mkaa na karatasi. Rangi iache kwa sasa, kwa sababu mwanga na giza vikikosewa hakuna rangi itakayookoa. Karatasi iwe ndogo, uso usizidi kiganja. Usianze na macho. Anza na umbo la kivuli chote kana kwamba ni kisiwa kimoja, kuanzia tundu la jicho, ubavu wa pua, shavu, mpaka shingoni, na likikaa sawa utakuta sura inafanana kabla hujaweka jicho hata moja. Ukitaka kujua kosa liko wapi, simama na kioo uitazame picha kwa kinyume. Jicho lililopanda litajitaja lenyewe.

Chagua saa moja ya siku na uishikilie, maana mwanga wa dirisha wa asubuhi na wa alasiri ni watu wawili tofauti. Antonio López García, mchoraji wa Hispania, alichora barabara ya Gran Vía ya Madrid kuanzia 1974 hadi 1981, akienda kusimama pale alfajiri za kiangazi kwa muda mfupi tu ambao mwanga ulikuwa ule anaoutaka. Mwanga ukibadilika aliacha. Wewe huhitaji miaka saba, ila ile subira ya kuacha unayoihitaji. Ukigundua umeanza kuchora unachokijua badala ya unachokiona, weka mkaa chini, hata kama saa haijafika. Na ukimaliza, geuza karatasi ukutani usiitazame kwa wiki kadhaa. Makosa ya kweli yatabaki pale. Yale ya hofu yatakuwa yamekwisha.

Ile picha uliyoimalizia usiku usiichane. Itundike karibu na hizi mpya za mkaa, siyo kwa ajili ya kujiadhibu, ila uone ni maamuzi gani simu ilikufanyia, uanze kuyafanya mwenyewe moja moja.

Na mama mkubwa mtunze. Mpe kiti chenye mgongo, mpumzishe kila baada ya dakika ishirini, piga chaki sakafuni kuzunguka miguu ya kiti na miguu yake ili akirejea akae palepale. Mwache azungumze. Utasema mdomo unacheza, hauchoreki. Chora wakati huo paji, shingo, mabega, na mdomo uurudie akinyamaza mwenyewe. Baada ya vikao vichache niandikie tena, na unitumie michoro miwili: ule unaoupenda na ule unaouonea aibu.

Mwalimu wako